Ardhi "inanyonya" au "inapitisha"? Neno moja lililonitia hasara, naomba tulijadili

#1 MkaziWaChini (mleta uzi, Moshi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, mnivumilie.

Mwaka jana mwezi wa pili nilianza kujenga huku chini ya mji, upande wa kwenda Chekereni. Wanaopafahamu wanaujua udongo wetu. Ni mweusi wa mbuga. Kiangazi unapasuka nyufa ambazo mkono unaingia mpaka kwenye kiwiko, masika unang'ang'ania buti hadi mguu unachomoka peke yake.

Tukafika kwenye shimo la maji machafu, lile linalopokea maji kutoka kwenye tanki la septiki. Fundi alichimba kidogo, akamwaga ndoo ya lita 20, tukasimama kuangalia. Dakika mbili hazikuisha, maji hayapo. Akasema, "Bosi, ardhi hii inanyonya vizuri, futi nane zinakutosha." Nikaona nimepata bahati, nikalipa, tukafunika.

Mwezi wa nne mvua zikakolea. Shimo likajaa, maji yakarudi mpaka kwenye chemba ya bafuni. Gari la maji machafu lilikuja mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Mke wangu alihamia kwa dada yake na mtoto mchanga kwa sababu ya harufu.

Nilimfuata fundi. Hakukimbia, alikuja akaona, akanijibu kwa masikitiko kabisa: "Lakini ulishuhudia mwenyewe. Inanyonya." Jibu hilo nimelala nalo siku nyingi, kwa sababu alisema kweli. Udongo ule unanyonya. Maji ya ndoo yaliingia kwenye nyufa, udongo ukayanywa, ukavimba, nyufa zikajifunga, basi. Mtoto akinyonya, maziwa hayatokei upande wa pili. Mimi nilihitaji ardhi ambayo maji yanaingia huku na kutokea kule, na sote wawili tulitumia neno lisilosema hivyo.

Sasa majirani wameniomba niandike ukurasa mmoja wa maelekezo kwa wanaokuja kujenga huku. Nimekwama kwenye neno. Kitu kinachoruhusu maji au hewa kupita ndani yake tukiiteje sifa yake? Nimekutana na "penyevu", "chenye kupenyeka", "chenye vinyweleo", "kinachopitisha". Lipi ni sahihi, na linatumikaje?

#2 FundiMawe (Arusha)

Pole sana mkuu. Saiti sisi tunasema "inanyonya" kwa kila kitu. Tofali likivuta maji ya udongo wa saruji, linanyonya. Ukuta ukipanda unyevu kutoka chini, unanyonya. Shimo likikauka, linanyonya. Sijawahi kufikiria kwamba ni mambo matatu tofauti, ila nikiyapanga hivi naona ni kweli. Nafuatilia.

#3 Babu_Sakina (Arusha)

Vijana, hamjambo. Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, sasa nimestaafu, na swali la namna hii hunipa uhai.

Tuanze na shina. Kitenzi ni *penya*, na anayepenya ni yule anayepita. Maji yanapenya, mwanga unapenya, mwizi anapenya dirishani. Ukuta haupenyi.

Sasa angalia vivumishi vyetu vinavyoishia na *-vu* na *-fu*. Mtu msikivu ndiye anayesikia. Mvumilivu ndiye anayevumilia. Mharibifu ndiye anayeharibu, mdanganyifu ndiye anayedanganya. Mara zote sifa inakwenda kwa mwenye kutenda au mwenye hali yenyewe. Kwa mizani hiyo, ukiandika "udongo mpenyevu" umesema udongo ndio unaopenya, wakati anayepenya ni maji. Umempa mwenye nyumba jina la mgeni.

Lugha imekwisha kutupa chombo kingine, kile cha *-ka*. Chakula kinalika. Mwandiko unasomeka. Barabara ya kwetu masika haipitiki, na hakuna mtu anayefikiri barabara ndiyo inayotembea. Hivyo hivyo, udongo *unapenyeka*. Hilo ndilo neno lako, bwana mdogo: udongo unaopenyeka, kitambaa kinachopenyeka, utando unaopenyeka.

Ipo pia *penyeza*, nayo ina ladha yake. Wahenga walisema "penye udhia penyeza rupia". Kupenyeza kuna mkono wa mtu na kuna usiri kidogo. Watangazaji wa mpira wanaposema "pasi ya mpenyezo", mchezaji ameona uwazi mdogo kati ya mabeki akautumia. Udongo hauna ujanja huo, kwa hiyo "udongo unapenyeza maji" sioni kama ni kosa la sarufi, ila linanikwaruza sikioni.

Tahadhari moja: usijaribu kuunda nomino ya "kipenyo". Hiyo ilishachukuliwa na walimu wa hisabati kwa mstari unaokata duara katikati.

#4 Mama_Mitungi (Moshi)

Shikamoo mwalimu. Mleta uzi, pole na familia.

Mimi nauza vyungu na mitungi sokoni, shule niliishia la saba, lakini hili nalijua kwa macho. Mteja ananunua mtungi mpya, siku ya pili anaurudisha kwa hasira: "Mama, umeniuzia mtungi unavuja." Naupokea, naufuta kwa kanga ukauke, najaza maji, nauweka juu ya gazeti kavu mbele yake. Namwambia subiri nihudumie wengine. Baada ya muda mtungi mzima unalowa nje, kote sawasawa, kama uso wa mtu aliyepanda mlima. Halafu namwambia agusie shavu. Anasikia ubaridi.

Mtungi unaovuja una mahali pake, utaona tone linatoka palepale kila mara. Huu unatoa jasho. Maji yanapita kwenye udongo wenyewe, yakifika nje upepo unayachukua, na yakiondoka yanaondoka na joto. Ndiyo maana maji ya ndani yanapoa. Kuna mteja aliupaka wake rangi ya mafuta uwe wa mapambo, kisha akaja kulalamika haupozi maji. Utapozaje na umeuziba ngozi?

Kwa hiyo kwangu mimi kuvuja ni ubovu. Hili jambo lenu la kupenyeka ni kazi ya mtungi.

#5 MkaziWaChini (mleta uzi)

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama. Mama, hapo kwa mtungi umenipa kitu. Inakuja ile methali ya bibi yangu, "kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi". Hata hapo pakacha ni bovu, ila ubovu wake umemfaa mtu.

Mwalimu, "inapenyeka" naikubali. Ila "vinyweleo" je? Nimeona watu wakitumia hilo kama ndilo lilelile.

#6 MajiNiUhai (Moshi)

Naomba niingie hapo kwenye vinyweleo, maana kazi yangu ni visima.

Kuwa na vinyweleo, yaani vitundu vidogo ndani yake, na kupenyeka ni vitu viwili, na mleta uzi alinaswa katikati yake. Chukua jiwe jepesi la kusugulia magaga, lile jeupe au la kijivu lenye matundumatundu. Matundu ni mengi mno, lakini ukilitupa kwenye beseni linaelea. Matundu yale ni mapovu ya gesi yaliyobaki jiwe lilipopoa, na maji hayapati njia rahisi ya kuyajaza. Nafasi ipo, njia ni finyu.

Udongo wa mfinyanzi, kama huo wenu mweusi, nao una ajabu yake. Nafasi tupu ndani yake inaweza kukaribia nusu ya ujazo wote, kuliko mchanga ambao mara nyingi uko karibu na theluthi. Ukiangalia nafasi peke yake utasema mfinyanzi ndio utakaokunywa maji yako yote. Lakini vijinafasi vyake ni vidogo kiasi kwamba maji yanang'ang'aniwa humo humo. Kati ya changarawe safi na mfinyanzi mzito, tofauti ya kasi ya maji kupita inazidi mara milioni moja. Ndiyo sababu mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni yanakaa na maji. Kinachomfurahisha mkulima wa mpunga pale ndicho kilichokujazia bafu.

Aliyeipima tabia hii kwa hesabu ni mhandisi wa Ufaransa, Henry Darcy, mwaka 1856, akishughulikia maji ya mji wa Dijon. Alijaza mchanga kwenye bomba lililosimama, akapitisha maji, akapima. Aliona kwamba maji yanayotoka yanategemea tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini, urefu wa mchanga, upana wa bomba, na namba moja ambayo ni ya mchanga wenyewe. Ukibadilisha mchanga, namba inabadilika. Mpaka leo tunapopima kisima tunaitafuta namba hiyo.

Na sisi wa Moshi tusingekuwa na mji bila sifa hii. Mvua kubwa ya Kilimanjaro hainyeshi kileleni, inanyesha kwenye msitu wa upande wa kusini, zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka sehemu zake za katikati. Kule juu Kibo ni kukavu. Mvua ile inazama kwenye miamba ya volkano yenye mipasuko na matabaka ya majivu na kokoto, inasafiri chini kwa chini, inaibuka huku kwetu. Nsere na Shiri zinazolisha mabomba ya mjini ni chemchemi. Chemka, kule wanakoogelea watalii ukipitia Boma Ng'ombe, ni hadithi hiyohiyo, maji angavu mpaka unaona mchanga unachemka chini yanapotokea. Watu wengi wanaamini tunakunywa theluji. Kwa sehemu kubwa tunakunywa mvua ya msitu iliyopenya mlima. Kwa hiyo anayekata mti kule juu anagusa bomba la huku chini.

#7 Babu_Sakina

Ahsante sana, fundi wa visima. Hapo mimi nimejifunza.

Naongeza la upande wetu wa Meru. Mimi meno yangu ni ya kahawia tangu utotoni, na wenzangu wengi waliokulia kuelekea Usa River wako hivyo. Maji yanapopenya miamba ya Meru hayatoki kama yalivyoingia, yanabeba floridi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi vya huku vinapita kiwango hicho. Kule Ngurdoto kuna kituo ambacho kimefanya utafiti wa kuipunguza kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe: unajaza mkaa kwenye chombo, unapitisha maji, floridi inashikwa na mkaa, maji yanaendelea.

Nimelileta hili kwa sababu ya neno letu. Mkaa ule unapenyeka kwa maji, kwa floridi haupenyeki kirahisi. Naanza kuona kwamba jibu langu la mwanzo lilikuwa na upungufu.

#8 NesiWaZamu (Moshi)

Mwalimu, umefika mahali nilipokuwa nataka kufika. Shikamoo.

Nahudumia wagonjwa wanaosafishwa damu kwa mashine. Ndani ya kile kichujio kuna maelfu ya nyuzi nyembamba kama nywele, zina uwazi katikati. Damu inapita ndani ya nyuzi, nje yake kunapita maji maalumu. Kuta za nyuzi zinaruhusu yurea, chumvi na maji ya ziada kutoka. Seli za damu na protini kubwa zinabaki kwa sababu haziwezi kupita. Daktari Willem Kolff, Mholanzi, alianza kumtibu mgonjwa kwa njia hii mwaka 1943 wakati wa vita, akitumia selofani ya kutengenezea soseji.

Kumweleza mgonjwa hilo kwa Kiswahili ni kazi. Zamani nilikuwa nasema "ni kama chujio la chai". Siku moja mzee mmoja kutoka milimani alikataa kulala kitandani. Nikakaa naye, nikamuuliza anaogopa nini. Akasema, "Mwanangu, kwenye chujio la chai tunakunywa kinachopita na tunatupa kinachobaki. Sasa damu yangu ikipita, mimi nabaki na nini?" Alikuwa amefikiri sawasawa kabisa kuliko mimi niliyemweleza. Kwenye mashine kinachopita ndicho cha kutupwa, kinachobaki ndicho uhai wake. Nikamwambia, "Babu, ukuta huu unapenyeka kwa uchafu, kwa damu haupenyeki." Akatulia, akanyoosha mkono.

Tangu hapo siwezi kutumia neno hili peke yake. Lazima niseme kinapenyeka *kwa kitu gani*. Kitu kinachopenyeka kwa kila kitu ni tundu tu.

Hata yai nyumbani. Gamba lake lina maelfu ya vitundu, kifaranga anapata hewa humo. Mama yangu alikuwa anatukataza kuosha mayai kabla ya kuyaweka, anasema yanaharibika upesi. Nilipokuja kusoma nikaelewa: mayai yana utando mwembamba juu ya gamba unaosaidia kuzuia vijidudu, ukiosha unautoa. Hewa inapita, vijidudu vinabaki nje, mpaka wewe mwenyewe uwafungulie mlango.

#9 KijanaWaNgaramtoni (Arusha)

Wakubwa zangu shikamooni. Mimi nina ubishi kidogo na mwalimu, kwa heshima.

"Penyevu" ni fupi. Mwanafunzi anahitaji kivumishi kimoja, siyo sentensi. "Utando mpenyevu", "jiwe penyevu", "kitambaa kipenyevu" vinaingia vizuri kwenye jedwali, na upatanisho wa ngeli unakwenda bila shida. "Unaopenyeka" ni kirejeshi, kila mahali unabeba mzigo wa *-o*. Na lugha si hesabu. Watu wakishalizoea neno, shina lake hawalikumbuki.

Halafu magazeti yanaandika "mpaka unavuja" kuhusu njia za panya za Holili, mpakani na Kenya. Kwa hoja ya Mama Mitungi, kuvuja kuna mahali pake. Njia za panya ni nyingi. Je, tuseme mpaka unapenyeka?

#10 Babu_Sakina

Marahaba kijana. Ubishi wako ni wa msomi, sikukatai. Ufupi ni hoja nzito, na maneno mengi tunayotumia leo yangeanguka mtihani wa sarufi. Ikiwa walimu wa sayansi wataafikiana juu ya "penyevu" na kulifundisha vilevile nchi nzima, mimi nitalitumia. Ila mwenzetu hapa anaandikia mtu mwenye koleo mkononi, siyo mwanafunzi mwenye jedwali. Mwambie fundi "udongo penyevu" atakutazama. Mwambie "udongo maji yanapita" ameshaelewa.

Kuhusu mpaka, "unavuja" ni lawama: mwandishi anasema kuna ulinzi na umeharibika. "Unapenyeka" anaeleza tu ulivyo. Nyumba za ndugu ziko pande zote mbili, Holili na Taveta, na watu walivuka kwenda msibani kabla mstari haujachorwa. Mwandishi achague neno akijua amechagua upande.

#11 Mama_Mitungi

Na gunia la katani msilisahau. Kahawa kavu ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki unaibana mpaka inanuka uvundo. Kwenye gunia inapumua. Sisi tunasema hivyo hivyo, *inapumua*, na kila mkulima anaelewa kwamba hewa inaingia na kutoka na punje zinabaki.

#12 MkaziWaChini (mleta uzi)

Ahsanteni wote, kweli nimeguswa. Nilikuwa kimya siku tatu kwa sababu nilikwenda kupima upya, safari hii kwa maelekezo ya MajiNiUhai aliyenipigia simu usiku.

Nilichimba shimo jembamba, kina cha mita moja, mita kumi kutoka lile la zamani. Nikakwangua kuta zake kwa msumari, maana koleo linazilainisha mpaka zinaziba. Nikaweka kokoto kidogo chini, nikajaza maji jioni, nikaongeza kabla ya kulala na tena alfajiri, ili udongo unywe mpaka ushibe na nyufa zijifunge. Saa mbili asubuhi nikasimamisha mti wenye alama za sentimita, nikakaa na kiti. Saa nzima, maji yalishuka sentimita moja tu. Nikajaza tena, saa nyingine: pungufu kidogo ya moja. Yaani ndoo ile ya fundi ilitudanganya kwa sababu tuliimwaga kwenye udongo wenye kiu.

Kwa hiyo shimo la kuchimba chini kwangu ni kazi bure. Tumekubaliana kufanya mtaro mrefu usio na kina, wenye kokoto, na migomba juu yake inywe yenyewe. Hapo nimerudi kwenye "kunyonya" kwa haki yake, maana mgomba ndio unanyonya kweli.

Ukurasa wangu nimeuandika hivi, naomba mnirekebishe:

"Ardhi inayonyonya maji siyo lazima iwe ardhi inayopitisha maji. Udongo mweusi wa mbuga unanyonya ukiwa mkavu, ukishiba unafunga. Kabla hujachimba shimo la maji machafu, pima kama ardhi yako inapitisha maji *ikiwa imeshiba*. Jaza shimo la majaribio jioni na alfajiri, kisha pima asubuhi maji yanashuka sentimita ngapi kwa saa. Usiamini ndoo moja ya kiangazi."

Nimetumia "inapitisha", mwalimu, usinikasirikie. "Inapenyeka" nimeibakiza kwa barua yangu ya pili, ile ya kwenda ofisi ya kata.

#13 Babu_Sakina

Sikasiriki hata kidogo. Ila hapo kwenye "kama ardhi yako inapitisha maji", weka "maji machafu". Nesi ametufundisha tuseme kinachopita.

#14 FundiMawe (Arusha)

Nimesoma uzi wote. Keshokutwa nina saiti Njiro, mwenye nyumba anataka shimo lichimbwe na tayari nilikuwa nimemwambia inanyonya. Nimempigia sasa hivi. Kijana wangu anakwenda kesho jioni na madumu sita ya maji, nami nitakuwepo asubuhi na mti wa sentimita. MajiNiUhai, zile kokoto za chini ya shimo ni ukubwa gani?